Arobaini na Sita Katika Mia

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na kabla ya saa tisa kuta za maabara zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Tuko chini ya ardhi, ngazi kumi na nne kutoka mlango mkubwa, chumba kisicho na dirisha hata moja, kwa sababu kazi yetu inataka giza. Profesa ameagiza unyevu uandikwe kila siku kwenye daftari la kazi. Lakini daftari la kazi halipokei kitu kingine ila tarakimu, na mimi nina mengine ya kusema. Nitayasemea hapa.

Kazi yenyewe nieleze mara moja, nisirudie. Tuna leza ya zambarau inayopiga fuwele moja ndogo kama jino la maziwa. Mara mojamoja chembe moja ya mwanga ikiingia humo, zinatoka mbili. Pacha. Rangi yao ni nyekundu iliyokolea mno, jicho haliioni. Pacha mmoja tunampitisha kwenye kitu tunachotaka kukipiga picha. Mwenzake anapita pembeni, hagusi kitu. Wote wanaishia kwenye kamera moja. Kwa kuwa wametoka pamoja, chengachenga zinazochafua picha upande huu ndizo zilizopo upande ule. Ukitoa hizi kwenye zile, picha inabaki safi hata kama mwanga ni hafifu kupita kiasi. Adui yetu ni mmoja tu: upotevu. Pacha mmoja akimezwa na lenzi, au kamera ikikosa kumhesabu, mwenzake aliyefika hasafishi chochote, anageuka kuwa chenga mwenyewe. Wakipotea zaidi ya nusu, basi taa ya kawaida inatushinda na hatuna sababu ya kukaa shimoni.

Picha ya kwanza ya namna hii hapa kwetu aliipiga mume wangu, miaka minne iliyopita, kabla hatujaoana. Aliandika kwamba katika kila pacha mia, sabini na wawili wanafika salama. Kwa namba hiyo alipata shahada, akapata ajira ghorofa ya pili, na nikisema kweli, akanipata na mimi.


Jumatano, Machi 5

Unyevu 81. Mama mkwe amenilazimisha kuvaa sweta lake. "Huko shimoni kwenu mtaota uyoga masikioni."


Jumatatu, Machi 10

Daktari wa macho amekuja kutoka hospitali, mwavuli umepinduka, viatu vinalia chwaka chwaka. Ni mtu mpole, anaongea kama mtu aliyeko karibu na kitanda cha mgonjwa hata akiagiza chai. Ana wagonjwa ambao mwanga wenyewe ndio unaowaharibu macho. Hawezi kuwachunguza vizuri bila kuwazidishia ugonjwa. Amesoma makala ya mume wangu mpaka kurasa zimekunjika pembe. Anataka kupiga picha ndani ya jicho kwa pacha zetu, kidogo kidogo, sekunde ishirini tu.

"Sekunde ishirini zatosha?" aliniuliza.

"Kwa namba ile, zinatosha," nikamjibu.

"Maana mwanga wenu sina shida nao. Shida ni ile taa ndogo ya kulengea jicho. Hiyo inabaki imewaka muda wote wa picha. Mgonjwa wangu wa kwanza ni mama mmoja wa posta. Ishirini atavumilia. Sitini zitamwachia doa ambalo halitatoka."

Mgonjwa huyo atakuja Aprili 22. Kazi yangu kabla ya hapo ni kukipima upya chombo chote, hatua kwa hatua, tujue pacha wangapi wanafika.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alinirusha juu kama mtoto, mama mkwe akapiga kelele kwamba tutavunja taa. Kuna kitengo kipya cha upigaji picha kinaundwa hapa chuoni, naye ameomba ukuu wake. Usaili ni Aprili 14. Daktari akifanikiwa, nani atamnyima?


Ijumaa, Machi 14

Kipimo cha kwanza: 46 katika mia. Nimecheka peke yangu. Bila shaka kuna lenzi nimeiweka kinyume.


Jumatatu, Machi 17

Lenzi ziko sawa. 46.


Jumanne, Machi 18

Mvua. 46.


Alhamisi, Machi 20

Mume wangu ameshuka wakati wa chakula cha mchana, mikono ya shati imekunjwa, anapiga mluzi. Nampenda akiwa hivi. Alisafisha fuwele kwa mkono wake, akakaza skrubu ambayo mimi sikujua kama imelegea. Alipoona namba imepanda mpaka 47 aliniambia, "Umeona, Bi Vipimo? Ni unyevu. Masika haya yanatia ukungu hadi kwenye roho." Tulikula mkate mmoja kwa zamu, miguu ikining'inia kwenye meza ya chuma.

Alipoondoka nilipima tena. 46.


Jumatano, Machi 26

Nimeazima mashine ya kukausha hewa kutoka maktaba, wanakoitumia kulinda vitabu vya zamani. Inanguruma kama mgonjwa wa pumu. Unyevu umeshuka hadi 50. Namba haikutikisika. Si unyevu.

Nimemwambia mume wangu hivyo mezani. Hakupiga mluzi. Alisema, "Huenda," kisha akamuuliza mama yake kama chumvi imekwisha. Chumvi ilikuwa mbele yake.


Ijumaa, Machi 28

Nimepima kila kitu kimoja kimoja. Kichujio kinakula 12. Lenzi zote kwa pamoja zinakula 6. Wengine wanafika, lakini wanaangukia mahali ambapo pacha wao hawatafutwi, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Hao ni 20. Imebaki kamera. Kitabu cha kamera kinasema inahesabu 95 katika mia. Nikipiga hesabu kwa 95, ninapata 63, si 46. Kuna kitu kinakula nisichokiona.


Jumatano, Aprili 2

Siku nzima bila umeme. Nimefua.


Ijumaa, Aprili 4

Profesa alipata kutoka ofisi ya vipimo kihesabio cha kuaminika, kimewekwa ndani ya kisanduku kama yai. Nimepima kamera peke yake kwa rangi yetu.

Sabini.

Nikafungua tena kile kitabu. Ukurasa wa 31 kuna mchoro mdogo ambao hakuna mtu anayeusoma. Hiyo 95 ni ya mwanga wa kijani. Ukienda kwenye wekundu uliokolea, mstari unateremka kama mtu anayeshuka ngazi. Kwa rangi yetu, sabini.

Nilikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Kamera ni ile ile ya miaka minne iliyopita, namba yake ya usajili ni ile ile. Kama kamera yenyewe inahesabu 70 tu, hata ukiondoa lenzi zote, hata ukiondoa dunia nzima, huwezi kufikisha 72. Haikuwezekana mwaka huu wala mwaka ule.

Nilijiambia: alisoma kitabu akaamini 95. Mtu yeyote angeamini. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno kuliko mtu anayeamini anachojiambia.

Daftari zake za zamani ziko kwenye rafu ya juu, nyuma ya kopo la rangi. Nilipanda kiti. Nilitafuta ukurasa wa kamera nikiomba nisiuone, na nikauona. Mwandiko wake, wino wa kijani aliokuwa akiutumia wakati ule: "Kamera: 70?? Rudia kesho." Kesho yake hakurudia. Kurasa mbili mbele: "Nimeondoa fremu mbovu 412. Sasa 72." Fremu zote, yaani picha moja moja za kamera, zilikuwa 600.

Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zile ambazo pacha walipotea. Alibakiza zile tu ambazo walifika wawili wawili, akapiga hesabu kana kwamba nyingine hazikuwahi kuwepo.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Mama mkwe alinikausha nywele kwa taulo lake bila kuuliza kitu. Yeye alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini. Amezoea kuona watu wakiwa na maneno ambayo bado hayajatoka.


Jumapili, Aprili 6

Mama mkwe alikwenda kumwona dada yake asubuhi. Nilimngoja mume wangu amalize kunyoa ndevu. Niliweka daftari mezani, nikalifungua kwenye wino wa kijani.

Alilitazama bila kuligusa. Povu lilikuwa limebaki chini ya sikio.

"Umelitoa wapi?"

"Lilikuwa mahali ulipoliacha."

Akakaa. Bafuni maji yalikuwa yakidondoka.

"Nilikuwa nimebakiza siku tisa," alisema. "Profesa alikuwa ameshawaahidi watu wa jarida. Nikapata 45. Nikapima tena nikapata 46. Nikaanza kutazama fremu, moja moja, nikaona zile mbaya ni mbaya kweli, ukiziangalia kwa jicho tu. Nikatoa kumi. Kumi si kitu. Halafu nikatoa nyingine kumi."

"Mpaka 412."

"Siku ile sikuona 412. Niliona kumi."

"Na ile 70?"

Hapo alifunika uso. Nilimwonea huruma nikatamani kulifunga lile daftari nilitupe jalalani na maganda ya viazi. Ninaandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Nilitamani.

"Nilijua," alisema ndani ya viganja. "Hilo nilijua."

Nikamwambia kuhusu zile sekunde ishirini. Kwa namba ya kweli hazitoshi, zitahitajika sitini na zaidi, na hata hivyo taa ya kawaida ingefanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi. Yule mama wa posta ataumizwa bure.

"Ni tarehe 22," alisema haraka. "Usaili ni tarehe 14. Nipe mpaka Jumatatu hiyo tu. Nikitoka kwenye kile chumba naenda moja kwa moja kwa Profesa. Mwenyewe, kwa miguu yangu. Wacha niingie mle ndani mara moja nikiwa mtu kamili."

"Utaingia na uongo."

"Nitaingia nao, nitatoka nao, kisha nitautapika. Wiki moja, mke wangu. Sijawahi kukuomba kitu."

Si kweli, aliniomba mengi, na mimi nilimwomba mengi zaidi. Ndoa ndiyo hiyo. Nikasema sawa. Akaegemeza kichwa begani kwangu, na lile povu likanipaka shingoni.


Jumatatu, Aprili 7

46. Sijui kwa nini nimepima.


Jumanne, Aprili 8

Saa kumi jioni Daktari amepiga simu ya maabara. Chumba cha vipimo cha hospitali, wanamoandaa macho ya mgonjwa, kitafungwa wiki ya tarehe 22, paa linavuja. Kwa hiyo mama wa posta ataletwa keshokutwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi. "Amefurahi sana," alisema. "Ameomba ruhusa kazini siku ile ile nilipompigia."

Nilisema, "Sawa, Daktari." Nilisema sawa! Nikakata simu, nikakaa na mkono juu yake kana kwamba itaruka.

Nyumbani mume wangu alikuwa amejifungia na mama yake chumbani, wanazungumza kwa sauti ya chini. Alipotoka alikuwa ametulia sana. Nikafikiri: anajiandaa kwa usaili. Nikafikiri: hajui habari ya Alhamisi, na nikimwambia ataniomba tena, nami nitakubali tena. Najijua.


Jumatano, Aprili 9

Nataka kuandika siku hii yote, kwa mpangilio wake.

Niliamka mapema nikachemsha chai. Mvua ilikuwa nyepesi, ile inayonyesha kama haijaamua. Mume wangu alitoka akifunga vifungo vya shati lake jeupe. Nilimmiminia chai, nikatia sukari vijiko viwili, nikakoroga, nikamsogezea kikombe, kishikio kikielekea kwake kama apendavyo. Alinitazama kwa muda mrefu. Alifungua mdomo. Mama mkwe akaingia kuulizia kandambili zake, mume wangu akaufunga. Nikachukua mwavuli nikaondoka.

Saa tatu kasorobo nilikuwa mlangoni kwa Profesa. Ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mfupi, anavaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na huwa anautafuta wa tatu. Nilimwamkia, nikaweka daftari la wino wa kijani na daftari langu la vipimo, moja juu ya jingine. Nilieleza nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Alisoma ukurasa wa 70, akasoma ukurasa wa 412, akarudi kwenye ukurasa wa 70.

"Kitabu cha kamera," alisema. "Ukurasa gani?"

"Thelathini na moja."

"Mimi ndiye niliyeiagiza kamera hii. Mimi sikuusoma huo ukurasa." Alivua miwani yote miwili. "Na jina langu liko kwenye makala, binti yangu. Si lake tu."

Kisha akanyanyua simu akampigia Daktari. Nilisikia upande wake tu. "Msimlete. Hapana, si kuahirisha. Msimlete. Namba yetu si ya kweli." Alisikiliza. "Ndiyo. Nitamwambia mwenyewe kama itabidi."

Baada ya hapo akatuma mume wangu aitwe.

Alishuka akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Nakumbuka bahasha kwa sababu alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika sahani ya moto. Aliingia akatabasamu kwa Profesa, tabasamu la woga. Halafu akaona daftari lake mezani. Halafu akaniona mimi pembeni.

Sijui nieleze vipi alivyonitazama. Hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Ni kweli?" Profesa aliuliza.

"Ni kweli," alisema. Akaikunja ile bahasha mara mbili, akaitia mfukoni.

Hakujitetea. Profesa alizungumza juu ya kuiondoa makala, juu ya barua kwa jarida, juu ya kamati, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Daktari amesogeza mgonjwa mpaka kesho," nilimwambia. "Sikuwa na la kufanya."

"Najua," alisema. Akapanda ngazi bila kugeuka.


Alhamisi, Aprili 10

Chumba cha vipimo hakikufunguliwa. Mama wa posta yuko salama. Naandika sentensi hii mara ya pili: yuko salama.


Jumamosi, Aprili 12

Ameondoa jina lake kwenye usaili. Analala sebuleni.


Jumanne, Aprili 15

Mama mkwe alikuwa akiniita "binti." Tangu Jumatano hana jina la kuniita. Leo alitaka chupa ya mafuta iliyokuwa karibu yangu. Alizunguka meza yote kuifuata.


Ijumaa, Aprili 18

Mvua siku tatu mfululizo. Leo maji yameingia maabara. Tumeyachota kwa ndoo, mimi na Profesa, yeye amepandisha sketi magotini na miwani yote miwili imejaa matone. "Wanafikiri tunafanya sayansi ya ajabu huku," alisema akitupa maji nje, "njooni mtuone!" Nilicheka mpaka nikaanza kulia, naye akaendelea kuchota ili nisione haya.


Alhamisi, Aprili 24

Kuna shule ya sekondari kwenye mji wa mjomba wake, mwendo wa saa tano kutoka hapa. Wanataka mwalimu wa fizikia. Ameniambia akiwa amesimama mlangoni, kama anayeniambia kwamba gesi imekwisha.

"Unaondoka lini?"

"Jumamosi."

"Na mimi?"

"Wewe una kazi hapa." Akafikiri. "Unaifanya vizuri."

Ningependa angenitukana.


Jumamosi, Aprili 26

Wameondoka wote wawili, yeye na mama yake. Mama mkwe alikunja shuka zangu pamoja na zake kwa mazoea, kisha akazitoa moja moja na kuziweka juu ya kitanda changu, zimenyooka kama karatasi.


Jumapili, Aprili 27

Hakuna.


Jumanne, Mei 6

Mama wa posta amekuja maabara. Alitaka kutuona. Miwani myeusi, kofia pana, anashika ukuta. Profesa alimweleza polepole, mimi nikamsogezea kiti.

"Kwa hiyo hakuna kitu," alisema.

"Bado, mama."

"Niliwaambia watu ofisini kwamba naenda kupigwa picha kwa mwanga ambao hata kipofu hausikii." Akacheka kidogo. Kisha akauliza nani aligundua kosa. Profesa akanitaja mimi. Mama yule alinyoosha mkono akaupapasa uso wangu kidogo shavuni, akasema, "Ahsante." Alisema kwa adabu, kama mtu anayeshukuru kwa zawadi isiyomfaa. Alikuwa anataka kuona, si kunusurika. Sikuwa nimelifikiria hilo.


Jumatatu, Mei 12

Makala imeondolewa rasmi. Profesa ameamua tuandike nyingine, inayosema upotevu uko wapi na ni kiasi gani, sehemu kwa sehemu. "Hakuna atakayeipigia makofi," alisema, "lakini atakayekuja nyuma yetu hatatumbukia kwenye shimo hili."


Jumatano, Mei 21

Tumeazima kamera nyingine, inayoijua rangi yetu. 58. Profesa amepiga makofi mara tatu. Ni zaidi ya nusu, kwa mara ya kwanza taa ya kawaida imeshindwa humu ndani, na picha ya unywele wangu mmoja imetoka safi.

Nilishika simu nikamwandikia: "58." Nikaitazama. Nikafuta.


Jumapili, Mei 25

Mama mkwe amekuja kuchukua mashine yake ya chapa. Hakutaka chai, kisha akataka. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Kuna jambo nalibeba," alisema. "Nalitua hapa, ulifanye utakavyo. Jumanne ile, kabla hujarudi, Daktari alimpigia mwanangu pia. Alimwambia mgonjwa ni Alhamisi. Mwanangu akakaa pale, akaandika barua kwa Profesa. Yote. Kamera, zile picha alizozitupa, yote. Kurasa mbili. Akaniletea nimtazamie makosa, maana mwandiko wake unaujua."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nikakiweka chini.

"Alitaka kuipeleka jioni ile ile. Profesa alikuwa bado ofisini. Mimi nikamwambia, lala nayo. Mambo haya hayataki haraka, wewe ni mwanangu wa pekee, lala nayo usiku mmoja. Akanisikiliza." Akafungua mkoba, akaufunga. "Kesho yake alitoka na bahasha. Alisema akimaliza kipindi cha saa tatu anaipeleka. Wakamwita kabla."

"Kwa nini hakusema? Kwa nini hakuitoa pale pale?"

"Nilimuuliza. Alisema barua ya kukiri ukiitoa ukiwa umeshakamatwa, ni karatasi tu."

Alimaliza chai yake. Alipoinuka alinishika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayetaka kunigombeza. "Binti," alisema. "Wewe uliharakisha, mimi nikamchelewesha. Nenda kamwone."


Alhamisi, Mei 29

Nimerudi sasa hivi. Naandika kabla sijavua viatu.

Mvua zimekwisha huko, vumbi limeanza. Shule ina madarasa manane na uwanja. Nilimkuta kwenye stoo ya vifaa anafuta lenzi kwa shati lake, jambo ambalo angenifokea mimi nikilifanya. Amekonda. Alinipa kigoda, yeye akaegemea rafu.

"Mama amekwambia," alisema.

"Ndiyo. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa kusema? Usiombe. Ulikuwa na siku moja na mtu wa kuumia. Ningekuwa wewe ningesema."

"Kwa kutokuuliza."

Aliiweka lenzi moja kwenye rafu, akachukua nyingine.

"Niliogopa utaniomba tena," nikasema. "Na ungeniomba ningekubali."

"Nisingeomba."

"Sasa najua."

"Sasa," alisema, bila ubaya. Aliigeuza lenzi mkononi. "Unajua nini kinanirudia? Si kile chumba cha Profesa. Ni chai. Nilikuwa nimekaa pale natafuta namna ya kukwambia nina barua mfukoni. Na wewe unakoroga sukari, unanisogezea kikombe, umeshaamua. Nikajiambia, yule mwanamke ananipenda, naweza kumwambia. Kumbe ulikuwa unaniaga."

"Sikuwa nakuaga. Nilikumiminia kwa mapenzi."

"Najua," alisema. "Ndiyo inayoniuma. Ingekuwa hila ningeshasahau."

Nilimwambia arudi nyumbani. Nilimwambia vizuri, kisha nikamwambia vibaya, nikilia, nimemshika mkono wa shati. Aliuacha mkono wake nilioushika, hakuutoa, lakini hakunishika.

"Kila nikisogezewa kikombe nitatafuta usoni mwako umeamua nini," alisema. "Nawe kila nikikupa namba utaipima. Utaipima tu, mke wangu, ndivyo ulivyo. Hatutaishi hivyo."

Kengele ikalia. Alinifungulia mlango, akaniuliza kama nimekula, akaingia darasani.

Nilikaa kivulini nyuma ya ukuta wa darasa. Madirisha hayana vioo. Nilimsikia akiwagawia wanafunzi rula na lenzi, akiwaeleza wapime mara kumi na waandike zote kumi. Mmoja akauliza, na kama moja imetoka vibaya, mwalimu, tuifute?

"Msifute," alisema. "Hata moja. Mtu akifuta ile moja tu, kesho yake—"

Darasa lilimngoja amalize. Nami nilimngoja. Nilisikia chaki ikigusa ubao, ikaacha, ikagusa tena.

"Andikeni zote," alisema.

Nikainuka nikaondoka kabla hajafika dirishani.